Mtani na Kiti Chake

Kiti alikuwa nacho. Watu wa Ngokolo wanaosema hakuwa na kiti wanamsingizia. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mikono, kimepigwa vanishi mpaka unajiona pua, na alipewa kazini siku ya kustaafu, mbele za watu, kwa makofi. Tatizo ni kwamba makalio yake na kile kiti havikuwahi kutambulishwa. Chai alikunywa amesimama. Ugali alikula akiizunguka meza, tonge hapa, mboga kule, kama kuku. Hata taarifa ya habari aliisikiliza akitembea na redio mkononi, kwa hiyo sisi majirani tulipata habari vipande: mwanzo kwetu, katikati kwa fundi cherehani, hali ya hewa dukani.

Aliyekikalia kile kiti ni paka, na paka mwenyewe hakuwa wake.

Tulimwita Mtani. Jina analo, ila nikiliandika hapa atasema nimemwita kama polisi. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, na anayejua utani anajua kwamba hapo ugomvi umekwisha kabla haujaanza. Ana haki ya kunitukana, nina haki ya kumtukana, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Na kuna sheria nyingine, nzito zaidi: mtani akikukamatia kitu chako, hukipati mpaka ukikomboe kwa kile atakachotaka yeye. Huwezi kwenda kushtaki. Utamshtakia nani, na hata balozi wa nyumba kumi ni mtani?

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, mla michembe, viazi vyenu vikavu hivyo. Ng'ombe hawajambo? Maana nyie mkiulizwa habari za nyumbani mnaanza na ng'ombe, watoto baadaye."

"Hawajambo. Wanauliza kama nazi imekuangukia tena kichwani."

"Imeniangukia. Ndiyo maana nikahamia kwenu."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila asubuhi nikienda shule, na siku nisipotukanwa nilihisi kama sijanawa uso.

Kazini alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho anayepuliza filimbi na kupunga bendera. Bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu, aliondoka nazo, na filimbi aliivaa shingoni kama wengine wanavyovaa rozari. Ngokolo nzima iliendeshwa kwa ile filimbi. Watoto wakivuka barabara, filimbi. Mama akipakua chakula na Mtani anapita, filimbi, maana yake sahani imechelewa kuondoka. Harusi moja alimpulizia bwana harusi aliyekuwa anasitasita mlangoni, na bwana harusi akaingia mbio. Watu wa kwetu tumekulia kando ya reli. Filimbi ya gadi ikilia miguu inaondoka yenyewe, akili inafuata na basi linalofuata.

Nisije nikamsifia sana. Alikuwa mwongo wa viwango. Alidai aliwahi kusimamisha treni nzima kati ya Isaka na Tabora ili simba ajifungue. Alihimiza watu wote wawahi, na mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati, kwa sababu njiani lazima apite kwa huyu, achungulie kwa yule. Alisema anaogopa maji kuliko kifo, na kila masika alikuwa wa kwanza kwenda kutazama mto umefika wapi. Na aliwachukia watu wanaoaga. Ukimwambia "kwa heri," alikuwa ameshakupa mgongo.

Siku ya kumzika babu yangu, waombolezaji wote wamejipanga, Mtani alishuka kaburini akiwa na suruali yake nzuri, akalala chali, akajinyoosha.

"Fupi!" alipiga kelele kutoka chini. "Msukuma huyu mnamjua tumbo lake, mtamkunja kama godoro? Chimbeni tena. Na mimi sitoki humu mpaka mnikomboe kwa jogoo."

Bibi yangu, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu juzi yake, alicheka. Alicheka huku machozi yanatoka, akasema, "Mpeni jogoo huyo mchawi wa pwani aondoke kwenye nyumba ya mume wangu." Jogoo akaletwa. Mtani akatoka na vumbi mgongoni, akamshika Bibi mkono. Hilo ndilo kaburi pekee nililowahi kuliona likikaliwa na mtu aliyekataa kukaa kwenye kiti.

Sasa, kilichokuwa kinamkimbiza hivyo nilikuja kukijua baadaye. Ilikuwa nyumba.

Mwanawe aliyekuwa na kazi nzuri Dar es Salaam alikuwa anajenga kijijini kwao, na alishasema wazi: nyumba ikiisha, anakuja kumchukua mzee akapumzike. Habari za ujenzi zililetwa kwa mdomo na magadi wa treni, vijana aliowafundisha. Kila treni ya kutoka pwani ikifika, Mtani yuko stesheni.

"Msingi umemwagwa, Mzee."

Halafu, "Imefika linta, Mzee, juu ya madirisha. Nyumba nzuri! Ina baraza pana."

"Baraza la nini?"

"La wewe kukaa."

Siku ile ya linta alirudi nyumbani kwa miguu akipitia Ibinzamata, ambako si njia.

Ni mimi niliyemtia kichaa cha kisiwa, na sijutii. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea ubaoni visiwa vya Ziwa Viktoria, akasema Rubondo ni vilima vya volkano vya zamani ambavyo ziwa lilivizunguka likaacha vichwa tu nje. Akasema huko serikali imepeleka wanyama: tembo, twiga, na sokwe waliorudishwa kutoka Ulaya walikokuwa wamefungiwa maishani. Nikamhadithia Mtani, nikaongeza chumvi kwamba wengine walikuwa wanavuta sigara.

Alisimama. Naeleza vizuri: alikuwa anatembea, akasimama.

"Wamerudishwa kwao?"

"Wamerudishwa Afrika. Kwao hasa hakuna anayekujua."

"Wakawekwa kisiwani wapumzike."

"Ndiyo."

"Na wakitaka kutoka?"

"Watoke waende wapi, Mtani? Maji kila upande."

Aliizunguka nyumba yake, akaizunguka yetu, akarudi.

"Sikiliza, Michembe. Nimesafiri maisha yangu yote na sijawahi kukata kona niliyoichagua mimi. Reli ndiyo inakata. Ikifika mwisho, unarudi nayo hiyo hiyo, unaona miti ile ile, ila kwa upande wa kisogoni. Kabla yule mtoto hajapiga bati, nataka safari moja ya kuzunguka kitu mpaka nikutane na mgongo wangu mwenyewe."

Bahati nzuri likizo ilikuwa karibu, na shangazi yangu anakaa Buseresere. Mama akanikabidhi kwa Mtani. Au alimkabidhi Mtani kwangu. Alitunong'oneza wote wawili kwa zamu, kwa hiyo sina hakika. Tulipanda lori la pamba hadi Kahama, tukalala kwa ndugu, tukapanda lingine la Ushirombo na Runzewe. Huko juu tulikuwa na wachimbaji wa dhahabu wanaokwenda machimboni, na makarai yao na koleo zao, na Mtani aliwakanyaga miguu wote bila ubaguzi.

"Mzee, kaa basi!"

"Wewe kaa. Wewe unakwenda kukaa shimoni, anza mazoezi."

Hawakununa. Nao walikuwa Wasukuma.

Shangazi alipotuona tu alisema na yeye atakuja kisiwani, maana mtoto wa kaka yake, Mzaramo na maji ni vitu vitatu ambavyo havipaswi kuachwa pamoja. Asubuhi tulikuwa Muganza, ufukweni, ambako kulikuwa na mashua ya injini inayopeleka unga kwa askari wa wanyamapori na kuchukua watu wanaotaka kutazama. Nahodha alikuwa mnene, mcheshi, mtu aliyewahi kuchimba Geita. "Dhahabu ilinikataa, maji yakanikubali," alituambia. Tulipanda, magunia yakapangwa, Shangazi akabaki nje kidogo akikunja khanga ili isilowe. Mtani, bila kufikiri, akachomoa bendera ya kijani, akapuliza filimbi.

Nahodha akavuta kamba, injini ikaunguruma, tukaondoka.

"Wee! Weee!" Shangazi alikuwa ndani ya maji hadi magotini, na kikapu kichwani. "Nyie mbwa! Mnamwacha nani huku?"

Nahodha aligeuza akiwa ameshika mdomo. "Nimesikia filimbi, Mama," alisema. "Mimi nimezaliwa Malampaka, nyumba ya tatu kutoka relini. Nisamehe."

Shangazi hakusema na Mtani mpaka tulipoona viboko.

Tulipoacha unga kwenye pwani ya askari, tulianza kukifuata kisiwa kwa ubavu. Hapo nitasema ukweli hata kama unaniharibia sifa: nilinyamaza. Msitu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji kama ng'ombe wanaokunywa. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, akalia ile sauti yake inayokwaruza mgongo. Mamba walilala kwenye mawe meusi, midomo wazi, kama wanafunzi wa kipindi cha mwisho. Ndani ya mafunjo alikuwepo nzohe, swala wa majini, ameacha pua na pembe tu nje, akiomba tupite. Kwenye ghuba moja tembo alikuwa anaoga, na Mtani, aliyesimama mbele tangu Muganza kama mlingoti, akampungia bendera nyekundu asivuke.

"Mzee, kaa, utatuzamisha!" alisema Nahodha.

"Mashua ina mbao zake, mimi nina miguu yangu."

Sokwe hatukuwaona. Tuliwasikia. Ghafla msituni palizuka makelele, moja, halafu mengi, yakipanda kama watu wanaogombea foleni ya sukari. Mtani akapuliza filimbi mara moja, ndefu. Msitu ukanyamaza kimya. Akatoa mfukoni pakiti ya sigara, yeye ambaye hajawahi kuvuta, akaishikilia juu kuelekea kwenye miti. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Halafu akairudisha mfukoni taratibu.

Tulipofika nyuma ya kisiwa upepo ulikuwa umeanza. Nahodha alizima injini ili aongeze mafuta, akaiweka ile kamba ya kuwashia kwenye ubao, akasema, "Haya, hapa tunageuza. Mbele kuna mawimbi, na mimi nina watoto. Tunarudi njia ile ile."

Nilimwona Mtani akiyasikia yale maneno. Njia ile ile. Mabega yake yalishuka, na nilidhani kwa mara ya kwanza maishani mwake atakaa. Badala yake aliinama, akaiokota ile kamba, akaitia ndani ya shati.

"Nimekamata," alisema.

"Mzee, lete kamba."

"Wewe Msukuma?"

"Msukuma."

"Mimi Mzaramo. Nimekamata. Ukiitaka, nizungushe."

Mashua ilikuwa inayumba, Shangazi anasali kwa Kiswahili na Kisukuma kwa wakati mmoja, na Nahodha amesimama na mkono umenyooka. Niliona hasira inampanda mpaka shingoni. Kama angekuwa mtu wa kabila lingine wangepigana palepale, na viboko wangepata sherehe. Lakini hasira ilifika shingoni ikakutana na kitu kingine kinashuka, na Nahodha akaanza kutikisika tumbo kwa kicheko.

"Mtani umeniua," alisema. "Umeniua nikiwa na gunia tupu na wanawake wawili. Hata kunyoosha mguu majini hujui, halafu unakamata kamba!"

"Ndiyo maana nimekamata kamba na siyo kasia."

"Nitakuzungusha, nitakuzungusha. Nikifa, wewe ndiye utakayelala kaburini mwangu kulipima."

"Nitadai ng'ombe, wewe mnene."

Akairudisha kamba, tukazunguka. Maji yalitupiga, tukalowa, Shangazi akatapika kwa heshima upande wa nyuma. Vilima vile vya volkano vilipita kimoja baada ya kingine, na Mtani alikuwa amefungua mdomo mbele, anakunywa upepo. Hakuwa na umri. Jua lilikuwa bado liko juu Nahodha aliponyoosha kidole. "Unaiona rasi ile yenye mti ulioinama? Nyuma yake ndiyo pwani tulikoacha unga. Tukiipita, tumekifunga kisiwa."

Rasi ikakaribia. Nilianza kupiga makofi.

Mtani akainua bendera nyekundu.

Nahodha, mtoto wa Malampaka, akapunguza moto papo hapo. "Nini tena?"

"Kata moja kwa moja bara. Usiipite."

"Mzee! Si ulitaka duara? Limebaki kona moja tu!"

Mtani alinigeukia mimi, ameloa, filimbi inadondosha maji, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nikiifunga, nitakaa."

Basi tukakata moja kwa moja bara.

Ngokolo alihadithia kwa mwaka mzima. Kwamba sokwe mmoja mzee alitoka, akampigia saluti, akaomba moto kwa Kiingereza. Kwamba twiga walifika kisiwani wakitembea chini ya maji, shingo nje. Ile rasi hakuitaja hata siku moja, na mimi, ambaye siwezi kutunza siri hata ya mtihani, hii niliitunza. Ila kila siku nikipita niliongeza kwenye salamu: "Kona yako inakungoja, mla nazi." Naye, "Iache ingoje, inanenepa."

Halafu gadi mmoja akaleta habari kwamba bati limepigwa.

Siku hizo hizo mguu wake mmoja ulianza kumsumbua, na sijui kama ni mguu uliomwangusha au ni bati. Mguu ulivimba kweli, niliuona. Lakini muhula huu, nimeshahamia shule ya bweni, niliporudi kwa mapumziko mafupi, Mama aliniambia mlangoni, "Usiende kwa Mtani na utundu wako. Anakaa."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kiti, mwanangu. Anakaa."

Nilikwenda. Paka alikuwa sakafuni, amechukia. Mtani alikuwa kwenye kiti, mikono juu ya mikono ya kiti, amenyolewa ndevu vizuri. Nikamsalimia, nikangoja tusi langu.

"Marahaba, mjukuu," alisema. "Soma kwa bidii."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo chetu muda mrefu. Mtani anayekuita mjukuu ameshakuaga. Na yule mtu hakuwa anaaga.

Mwanawe alifika wiki hiyo hiyo, mtu mpole, viatu safi, wa mjini kabisa. Siku ya treni nilikwenda stesheni na sare ya shule. Mizigo ilikuwa imepangwa jukwaani, na katikati ya mizigo kile kiti cha mninga, na juu ya kiti Mtani, na blanketi magotini kwenye joto lile la Shinyanga. Vijana magadi walikuja mmoja mmoja kumshika mkono. Aliwashukuru wote. Ilikuwa mbaya sana.

"Shikamoo, mla nazi."

"Marahaba, mjukuu."

"Nasikia kwenu kijijini mbu wanapiga ngoma, ninyi mnacheza."

Alitabasamu kama anavyotabasamu padri. Treni ilikuwa inakuja, tayari watu wananyanyua vikapu. Nikamtukania nazi, nikamtukania muhogo, nikamtukania suruali ya siku ya kaburi. Akatikisa kichwa tu. Mwanawe akaniangalia, akasema kwa upole, "Dada, tafadhali. Mzee anaumwa."

Treni ikasimama. Hapo ndipo nilipopeleka mkono shingoni mwake, nikaivuta filimbi ikatoka na kamba yake, nikarudi nyuma.

"Nimekamata," nilisema.

"Wewe binti!" Mwanawe alinifuata. "Huna adabu? Rudisha kitu cha mzee!"

Mtani aliangalia mahali filimbi ilipokuwa kifuani. Akaniangalia.

"Rudisha," alisema.

"Komboa. Kuna kona moja hujaipita, yenye mti ulioinama. Ipite, nitakurudishia. La sivyo naipuliza darasani mpaka ipasuke."

"Nimesema rudisha, Michembe."

Michembe! Nilitaka kulia, nikacheka. Mwanawe alikuwa ameshanishika mkono, na hapo sauti ya zamani ikatoka nyuma yake, ile ya kusikika mpaka behewa la mwisho:

"Mwache! Kaa pembeni wewe, mambo ya watani huyajui, umelelewa na lifti!" Blanketi lilianguka. "Na wewe, mwizi wa Kisukuma, mtoto wa ng'ombe mwenye pembe moja, unanikamatia filimbi? Mimi? Nimewazika babu zenu kwa jogoo mmoja mmoja! Nitakuja. Mguu huu ukipungua nitakuja na treni ya mizigo kama ikibidi, nitaipita hiyo rasi, na nikimaliza nitakuja kukaa mlangoni kwenu mpaka mseme basi!"

Gadi wa treni, kijana, akapuliza filimbi yake. Mtani akamgeukia huyo naye.

"Fupi mno! Nani alikufundisha? Vuta pumzi!"

Kijana akapuliza tena, ndefu. Mizigo ikarushwa ndani, mwanawe akampandisha babake huku akimwomba msamaha kila mtu, na mabehewa yakaanza kuvutana. Niliwaona dirishani wakipita. Mwanawe alikuwa amekaa. Mtani alikuwa amesimama, ameshika chuma cha juu, ananitukana mpaka sauti ikapotea upande wa Tabora.

Jukwaa likawa tupu. Kile kiti cha mninga kilikuwa palepale katikati. Hakuna aliyekikumbuka.